Kabla ya kufunga mota: kwa wanaoanza kuendesha kigari kwa mwinamo wa mkono

Vijana wengi wanaonijia na akselerometa (sensa inayokaa mkononi ili mwinamo wa mkono uongoze kigari kwa redio) waliyoinunua Kariakoo huwa wameshafunga mota na magurudumu, na hushangaa kigari kinapokwenda kusikotakiwa. Nami nilianza hivyo hivyo, barazani kwenye nyumba ya kupanga pale Sinza, na kigari changu cha kwanza kiliishia mtaroni. Kwa mgeni wa kazi hii ningeshauri akae kwanza na sensa peke yake kwa jioni mbili tatu, akiigeuza mkononi na kusoma namba zake kwenye kompyuta.

Akselerometa haijui mwinamo, inapima mchapuko, yaani jinsi kasi inavyobadilika. Ikiwa imetulia mezani haisomi sifuri katika mihimili yote, bali husoma 1 g (kiasi cha mchapuko wa mvutano wa dunia) katika mhimili uliosimama wima, kwa sababu meza inaizuia isianguke. Ukiiinamisha, sehemu ya g hiyo hujitokeza kwenye mhimili mwingine, na hapo ndipo tunapokokotoa pembe. Kwa sensa ya MPU-6050 iliyowekwa kwenye kipimo cha ±2 g, 1 g huandikwa 16384. Kutoka nyuzi 0 hadi 10 namba ya mhimili wa mbele hubadilika kwa takriban 2845, lakini kutoka nyuzi 80 hadi 90 hubadilika kwa takriban 249 tu, na kwa hiyo anayetegemea mhimili mmoja hupoteza usahihi kadiri mkono unavyozidi kuinama. Ni afadhali kutumia mihimili miwili pamoja na fomula ya atan2, inayotoa pembe kutokana na namba mbili, ambayo imo tayari katika lugha ya C.

Kinachowachanganya wengi zaidi ni mkono wenyewe. Unapouinamisha mbele, mhimili wa mbele husoma hasi. Lakini ukiusukuma mbele kwa ghafla wakati huohuo, mchapuko wa mkono husomeka chanya, na kigari hurudi nyuma kidogo kabla ya kutii. Nilibadilisha waya za mota mara tatu nikidhani nimezigeuza, kumbe waya hazikuwa na kosa lolote. Dawa yake ni kuchuja: chukua sehemu 0.9 ya thamani iliyotangulia na sehemu 0.1 ya usomaji mpya. Kwa usomaji 100 kwa sekunde, ucheleweshaji ni kama sehemu ya kumi ya sekunde, ambao mkono hauusikii, ilhali mtikisiko mwingi hupungua.

Wapo wanaotaka kuipachika sensa kwenye kigari ili kujua kimefika wapi. Wasijisumbue kwa akselerometa pekee, kwani kosa la 0.01 g tu, likijumlishwa mara mbili (kupata kasi, kisha umbali), hufikia karibu mita 5 ndani ya sekunde 10.

Acheni pia eneo la utulivu, tuseme nyuzi 8 kila upande, ambamo mota hazizunguki kabisa, maana hakuna mkono unaokaa sawasawa kama meza. Nje ya eneo hilo msianzie kasi ya 0 katika kipimo cha 0 hadi 255 ambacho programu huipa mota. Ianzieni pale mota yenu inapoanza kuzunguka kweli, la sivyo italia tu bila kusogea. Mota zipewe betri yake, ila waya hasi za betri zote ziunganishwe, kwa kuwa mota inapoanza huvuta umeme mwingi na bodi, yaani kompyuta ndogo ya kigari, inaweza kujizima na kuwaka upya.

Nirudi kwenye ule mtaro. Kigari kilipita kona ya ukuta, mawimbi ya redio yakakatika, na programu yangu ikaendelea kutii amri ya mwisho iliyoipata, ambayo ilikuwa kwenda mbele. Sasa kipokezi cha redio kilichomo kigarini huhesabu muda tangu ujumbe wa mwisho, na zikipita milisekunde 300 bila ujumbe mpya, mota zote husimamishwa. Ni mistari minne tu ya programu, nami huitaka iandikwe kabla ya kigari chochote kutoka nje ya mlango.