Kabla hujanunua pampu mpya ya mafuta

Ndugu, umesema gari lako la zamani limekaa miaka bila kuwashwa, sasa stata inazungusha vizuri lakini injini haishiki, na unashuku pampu. Usiinunue bado. Fungua swichi ya ufunguo bila kupiga stata, mtu asikilize karibu na tangi: kwenye magari mengi ya injeksheni (yasiyotumia kabureta), pampu isiyo na hitilafu hunguruma sekunde 2 hivi kisha hunyamaza. Ikiwa kimya kabisa, angalia fyuzi na rilei (swichi ndogo ya umeme inayoiwasha pampu), halafu pima umeme kwenye soketi ya pampu wakati mwenzako anafungua swichi. Ukipata karibu volti 12 na waya wa ethi (unaorudisha umeme kwenye bodi ya gari) hauna hitilafu, hapo pampu ndiyo imekufa.

Ikinguruma lakini mafuta hayafiki, nusa tangi. Petroli iliyolala muda mrefu hunuka kama vanishi na huacha utando wa gundi unaoziba chujio na kukwamisha pampu. Imwage yote, osha tangi, badilisha chujio na paipu za mpira zilizopasuka, ndipo ujaribu tena. Pampu mpya ndani ya tangi chafu haitadumu. Na tafadhali sana, fanyia kazi hii nje, betri ikiwa imechomolewa unapomwaga mafuta.