Agiza Margherita Kwanza: Ushauri kwa Anayekwenda Kula Piza ya Kiitaliano Mombasa

Wengi wetu hapa Mombasa tuliijua piza kupitia ile nene ya kuku wa tikka, iliyofunikwa jibini hadi unga wenyewe hauonekani, na pembeni ikasindikizwa na chupa ya tomato na ya pilipili. Sina ugomvi nayo. Lakini mtu akiingia na matarajio hayo katika mkahawa wa Kiitaliano wa kweli, uwe Nyali au Mtwapa, huenda akatoka akiamini kwamba amepunjwa. Ndiyo maana kila anayeniuliza aanzie wapi humwambia aagize margherita.

Margherita ina nyanya, jibini la mozzarella, majani ya rehani na mafuta ya zeituni, basi, na kwa uchache huo mpishi hana pa kuficha unga mbovu. Unga wa piza ya Napoli, mji wa Italia ilikotoka margherita, hukandwa kwa maji, chumvi na hamira pekee, bila mafuta wala sukari, kisha huachwa uumuke kwa saa nyingi. Baadaye huingizwa katika tanuri la kuni lenye joto linalopita nyuzi 400 za Selsiasi na kuiva kwa sekunde 60 hadi 90 tu. Kasi hiyo ndiyo inayofanya ukingo ufure na kupata madoa meusi, huku katikati pakibaki laini na majimaji kidogo. Nimewahi kumwona mteja akiirudisha jikoni akidai kwamba pembeni imeungua na katikati ni mbichi, ilhali ilikuwa imeiva barabara. Kabla ya kulalamika, inua ukingo kwa uma utazame chini: madoa yaliyotawanyika ni dalili njema, lakini weusi uliotanda ni kuungua, na weupe mtupu ni tanuri lisilopata moto wa kutosha. Piza ya Kirumi ni jambo jingine, kwani hiyo hutandazwa nyembamba na hutakiwa iwe kavu, yenye kuvunjika mdomoni kama mkate wa mofa uliotoka tanurini sasa hivi.

Ile ya Napoli iliwe papo hapo. Kwa unyevu wa hewa yetu, ukiifunga kwenye boksi na kupanda nayo tuktuk hadi nyumbani, mvuke utailainisha mpaka isishikike. Kwa Waitaliano kila mtu huagiza yake na kuikata kwa kisu na uma, ingawa wakimwona mtu akila kwa mkono hawamshangai.

Kwa sisi Waislamu, suala la nguruwe ni la kuulizwa waziwazi kabla ya kuagiza. Prosciutto, speck na pancetta ni nguruwe, na salame kwa kawaida ni nguruwe pia. Swali la pili, ambalo wengi hulisahau, ni iwapo ubao na kisu cha kukatia ni hivyohivyo kwa piza zote, na mhudumu akibabaika, mwombe akaulize jikoni. Anayejali zaidi na ajue kwamba jibini la Parmigiano Reggiano hugandishwa kwa kimeng'enya kinachotoka tumboni mwa ndama, ambaye huenda hakuchinjwa kihalali. Piza ya marinara ni kimbilio zuri, maana ni nyanya, kitunguu saumu, oregano na mafuta, bila nyama wala jibini. Ukitamani kamba au ngisi wa huku kwetu, usishangae wakiletwa bila jibini, kwa sababu Waitaliano wengi hawapendi kuchanganya jibini na vitu vya baharini.

Piga simu kabla ya kwenda mchana, kwani tanuri la kuni huchukua muda mrefu kupata joto na baadhi ya mikahawa huliwasha jioni tu. Menyu nayo isome hadi chini kabisa, uone kama bei zimejumuisha VAT ya asilimia 16 na ile tozo ya utalii ya asilimia 2, hasa ikiwa wewe ndiwe uliyewaalika wenzako.