Namna ya kuwapata wapitiaji wa maombi ya ruzuku za afya Zanzibar, ambako kila mtu anamjua mwenzake

Mtu akikabidhiwa kazi ya kutafuta wapitiaji wa maombi ya ruzuku za afya, yaani watu wa kuyasoma maombi na kuyapa alama, mkono wake huenda moja kwa moja kwa wakubwa: mkurugenzi, profesa, daktari bingwa. Orodha inatimia kabla ya chai ya saa nne, barua zinapigwa muhuri, basi. Nimekuwa mratibu wa kazi hii kwa ruzuku zinazopitia serikalini, Unguja na Pemba, na mratibu mpya anaponiuliza aanzie wapi, namwambia aanze na maswali, majina yatafuata. Mpitiaji anatafutwa kwa swali analoweza kulijibu. Cheo chake ni jambo la baadaye.

Chukua tangazo la ruzuku, uketi nalo. Tuseme ni la kichocho au malaria. Kila andiko la mradi litakaloletwa na waombaji litahitaji kuulizwa: njia hii imewahi kufanya kazi kwengine? Idadi ya watu watakaopimwa inatosha kutoa jibu la kuaminika? Watakaokwenda vijijini ni nani, na watafikaje? Fedha zilizoombwa zinalingana na kazi? Mtu akidhurika, nani mwenye mamlaka ya kusimamisha mradi? Hakuna mtu mmoja anayeweza kuyajibu yote hayo. Mtakwimu atakujibu la pili bila wasiwasi, lakini la tatu hana habari nalo.

Na hilo la tatu ndilo linalosahauliwa sana. Katika kikao kimoja kulikuwa na andiko lililoandikwa vizuri mno, majedwali yamepangika, marejeo yamejaa. Wapitiaji wawili wenye shahada za uzamivu walilipatia alama za juu. Wa tatu alikuwa muuguzi mkunga mstaafu kutoka Pemba. Alifungua ukurasa wa bajeti, akaweka kidole kwenye mstari wa usafiri, akauliza: "Hawa Kojani wanakwenda na gari?" Kojani ni kisiwa, unafika kwa chombo. Bajeti ilikuwa na mafuta ya gari na posho ya dereva, hakuna hata shilingi ya mashua. Hakuishia hapo. Mradi ulitaka kuwahoji wanaume majumbani mwao katika miezi ambayo wavuvi wengi wa Kojani wako dago, wamepiga kambi mbali na kwao. Wangemhoji nani? Andiko halikukataliwa. Lilirudishwa kwa waombaji na masharti mawili, likaja limenyooka. Lakini bila ya yule bibi, fedha za umma zingelipa gari lisilofika na hojaji zisizo na wa kuzijibu.

Swali la usalama nalo lisipewe mtu wa kujaza nafasi tu. Pemba ilikuwa na utafiti mkubwa wa kuwapa watoto wadogo madini ya chuma na foliki asidi, jambo ambalo kwa macho ya wengi lilikuwa la heri tupu. Mwaka 2003 sehemu ya madini ya chuma ilisimamishwa kwa ushauri wa kamati huru iliyokuwa ikifuatilia usalama wa washiriki, kwa sababu watoto waliopewa walikuwa wakilazwa na kufariki zaidi kuliko wenzao, katika mazingira ya malaria nyingi. Matokeo yalichapishwa katika jarida la Lancet mwaka 2006, na Shirika la Afya Duniani likabadilisha ushauri wake kwa maeneo yenye malaria. Ndiyo maana kila jopo langu lina angalau mtu mmoja anayejua majaribio ya tiba yanavyosimamiwa, hata kama ruzuku ni ya virutubishi au vyandarua.

Sasa, watu hawa wako wapi? Wenzetu Marekani wana njia tatu ninazopenda kuziiga. HRSA, wakala wa serikali yao unaoshughulikia afya ya watu wasiofikiwa na huduma, huwaacha wataalamu wajisajili wenyewe kuwa wapitiaji, wakieleza ujuzi wao, kisha wakala huchagua kwa kadiri ya ruzuku iliyopo. NIH, taasisi yao ya utafiti wa afya, ina mpango maalumu wa kuwaingiza watafiti wachanga kwenye majopo, wakipewa maandiko machache ili wajifunze kazi. Na programu za utafiti wa tiba zilizo chini ya wizara yao ya ulinzi, CDMRP, huweka kwenye jopo watu walioishi na ugonjwa wenyewe, nao hupiga kura sawasawa na wanasayansi.

Hapa kwetu unaweza kufanya yote matatu bila fedha nyingi. Weka fomu fupi ya kujisajili, ipelekwe Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar (SUZA), hospitali za wilaya, Maabara ya Afya ya Jamii Pemba iliyoko Wawi, na jumuiya za wauguzi na za watu wanaoishi na maradhi ya kudumu. Usiulize shahada peke yake. Uliza: umewahi kusimamia mradi? Umewahi kusimamia bajeti? Umefanya kazi shehia zipi? Wastaafu wa Wizara ya Afya ni hazina ambayo tumeiacha ikae barazani. Wana muda, wamesimamia kampeni za chanjo na za malaria kwa mikono yao, na hawamwogopi mtu. Orodha nyingi hujaa watu wa mjini, kwa hiyo usifunge orodha mpaka Pemba iwe na watu wake kwenye kila fani, hata ikibidi utafute wiki nzima.

Kuna jambo gumu kuliko yote, na hapa nawaomba tukae kidogo. Sensa ya 2022 ilituhesabu watu 1,889,773. Ukitoa watoto na wasiosomea afya, wataalamu wa fani moja wanabaki wachache, wamesoma pamoja, wamefundishana na wameoana. Mtu anayefaa kabisa kulipima andiko la kichocho huenda ndiye aliyemfundisha mwombaji, au ni mkwe wake. Ukiwaondoa wote wanaofahamiana, hutabaki na jopo. Ukiwaacha wote, aliyekosa ruzuku hataamini kamwe kwamba alipimwa kwa haki, na atakuwa na sababu.

Dawa yake inaanza na jinsi unavyouliza. Ukimwuliza mtu mzima, "Una mgongano wa maslahi?" anasikia umemwita mwizi, na atajibu hapana. Mpelekee orodha ya waombaji wote, taasisi zao na washirika wao, umwombe aweke alama kwa kila anayemhusu. Fomu za nje hutaja mume, mke, mwajiri, hisa. Kanuni za NIH huhesabu hata ushirikiano wa kikazi wa miaka 3 iliyopita. Hayo yaache yalivyo, uongeze ya kwetu: ukwe, ndugu wa kunyonya, kushirikiana shamba au chombo, mwanafunzi uliyesimamia tasnifu yake, na deni. Ukishapata majibu, huna haja ya kumtupa mtu. Asipewe lile andiko, na likijadiliwa atoke nje ya chumba au akatwe kwenye simu mpaka likamilike. Mengine ayapime.

Mwalimu mmoja ninayemheshimu sana aliniambia, "Ni mkwe wangu, ndiyo, lakini mimi haki nitaitenda." Nikamjibu, "Maalim, sina shaka nawe hata chembe. Ninayemfikiria ni yule atakayekosa. Naye anajua kuwa ni mkweo." Akacheka, akachukua maandiko mengine mawili, akayafanyia kazi nzuri kabisa.

Kwa sababu hiyo hiyo, kila jopo lipate mtu au wawili kutoka nje ya visiwa. Dar es Salaam kuna MUHAS, chuo kikuu cha afya cha Muhimbili, na NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, na Kenya wapo watafiti wa afya wa Kilifi wanaosoma Kiswahili bila taabu, jambo muhimu kama waombaji wako ni jumuiya za vijijini zinazoandika kwa Kiswahili. Lakini angalia, taasisi za bara mara nyingi ni washirika kwenye miradi ya huku, kwa hiyo orodha ya waombaji nao wapelekewe. Na aliyekaa kwenye kamati ya maadili ya utafiti ya Zanzibar, ZAHREC, atakapolikuta andiko lile lile mbele yake mara ya pili, aseme mapema.

Barua rasmi ni lazima, lakini barua haimleti mtu. Piga simu kwanza. Msalimie kama inavyopasa, muulize hali ya nyumbani, kisha mweleze kazi yenyewe bila kuipunguza: maandiko mangapi, kurasa ngapi, siku gani alama zinatakiwa, kikao ni Unguja, Pemba au kwa mtandao, posho ni kiasi gani na italipwa lini. Waratibu wengi husema "ni kazi ndogo tu" ili mtu akubali. Huyo atakubali, kisha atakukimbia wiki ya mwisho. Kama ni mtumishi wa umma, muandikie wewe mkuu wake wa kazi umwombee ruhusa, usimwachie yeye. Tazama kalenda pia: mwaka wa fedha huanza Julai 1, na Mei na Juni kila afisi imebanwa. Ramadhani vikao viwe asubuhi na maandiko yapungue. Nikihitaji wapitiaji watatu kwa andiko, nakubaliana na watano.

Wakishakubali, wakutanishe kwa saa mbili kabla hawajafungua chochote. Wape andiko la zamani lililofutwa majina, kila mmoja alipatie alama, halafu walinganishe sababu zao. Hapo utaona nani anaadhibu makosa ya lugha na nani anasoma bajeti. Hakikisheni mmeelewana alama zinapanda au zinashuka, maana waliozoea mitihani yetu hushangaa kusikia kwamba NIH hutumia 1 hadi 9 na 1 ndiyo bora kabisa. Waambie pia wasilipeleke andiko la mtu kwenye programu za akili mnemba ili liwafanyie muhtasari. NIH ilipiga marufuku jambo hilo mwaka 2023, kwa kuwa andiko ni siri ya mwombaji, na ukishalipakia huko hujui linakwenda wapi.

Kikao kikiisha, kazi ya kuwapata wapitiaji wa mwakani inaanza hapo hapo. Lipa posho siku uliyoahidi. Wajulishe ruzuku zilikwenda wapi, kwani wengi hupima kwa bidii kisha hawasikii tena lolote, na mwakani simu hazipokelewi. Soma maoni yao moja baada ya jingine, uandike kwenye daftari lako nani alitoa sababu ambazo mwombaji anaweza kuzifanyia kazi, na nani alitoa alama 7 kwa kila andiko na sentensi moja chini yake. Wa kwanza mwombe akutajie wengine wawili wa aina yake, hasa wanawake na vijana wa wilayani ambao hujawahi kusikia majina yao. Wa pili mshukuru kwa barua nzuri, na jina lake usilipeleke tena kwenye jopo.