Nyuma ya dubu kuna mtu

Umeuliza kama kumwekea mtoto mgonjwa roboti kitandani si janja ya hospitali kukwepa kuajiri watu. Hofu ya haki kabisa, ila mtazame Huggable, yule dubu-roboti wa MIT, chuo kikuu cha teknolojia cha Marekani, aliyejaribiwa katika hospitali ya watoto Boston. Hakuwa akijiendesha. Mtaalamu wa kuwaliwaza watoto alikaa kwenye kompyuta, akimwongoza na kumsemea. Utafiti wao uliotoka 2019 ulikuwa na watoto 54 wa miaka 3 hadi 10, na waliocheza na roboti walisema wanajisikia vizuri zaidi kuliko waliopewa dubu wa kawaida wa manyoya. Mtu hakuondolewa, alivalishwa manyoya tu.

Mimi lakini anayenivutia ni bata-roboti wa Aflac, kampuni ya bima ya Marekani, aliyetengenezwa kwa ajili ya watoto wenye saratani. Mtoto anamgusisha kadi ya hisia kifuani, naye anatoa sauti ya huzuni au furaha. Siku ambayo mtoto hataki kufungua mdomo, kadi inamsemea. Anaweza hata kumwekea bata dawa ya kujifanya kwa mrija, safari hii yeye ndiye daktari! Kwa mtoto anayechomwa sindano kila mara, hilo si dogo.

Kinachonitia wasiwasi ni kamera na maikrofoni ambazo baadhi ya roboti hizi huwa nazo: sauti ya mtoto inahifadhiwa wapi, na nani anaisikiliza? Halafu kuna siku ya kuruhusiwa. Kama roboti ni ya wodi na itabaki, mtoto aambiwe mapema, si mlangoni akiwa ameshavaa viatu.