Bendi za wazee: toa kiingilio, lakini chagua ukumbi

Kila anapofariki mwanamuziki mkongwe wa dansi, maneno ni yaleyale: bendi imekwisha, limebaki jina tu. Yalisemwa TX Moshi William alipofariki 2006, yakasemwa tena alipofariki Muhidin Gurumo Aprili 2014, na Shaaban Dede alipotutoka Julai 2017 nikayasikia kwa mara nyingine, safari hii kutoka kwa watu ambao hawajawahi kulipa kiingilio cha bendi ya Msondo hata siku moja. Vijana wa kazini wanajua Jumapili jioni ninakuwa wapi, basi huniuliza: kaka, kweli kule kuna cha kuona, au mnakwenda kukumbuka ujana wenu?

Kipo. Ila inategemea ni bendi gani, ukumbi gani na umefika saa ngapi.

Zipo bendi za mtu na zipo bendi zenye mizizi nje ya mtu. Super Matimila ilikuwa Remmy Ongala. Alipoliacha dansi akaingia kwenye injili, na akafariki Desemba 2010, wa kwenda kuitafuta Matimila bila Remmy angekuwa nani? Msondo ni habari nyingine. Ilianza 1964 ikiitwa NUTA Jazz, bendi ya chama cha wafanyakazi, na jina lake likawa linabadilika kila chama kinapobadilika: ikawa Juwata, ikawa OTTU, mwisho ikabaki na lile jina la Msondo ambalo mashabiki walishalizoea. Mtu akihama, nafasi yake inajazwa na dansi linapigwa wikiendi ileile. Mlimani Park, yaani Sikinde, ilianza 1978 kwa kukusanya watu waliokwisha kupiga kwingine, Gurumo akiwemo. Mwaka 1985 huyohuyo Gurumo akaondoka kwenda bendi ya Safari Sound, na baadaye akarudi zake Msondo. Cosmas Chidumule, mwimbaji wa Sikinde, naye akaacha dansi akawa mwimbaji wa injili. Kwa hiyo anayelalamika kwamba "siyo wale wa mwanzo" ajue kwamba wale wa mwanzo walishaanza kuhamahama wakati nyimbo anazozililia zikiwa bado mpya redioni. Kenya nao wanayo Maroon Commandos, bendi ya jeshi. Bendi ya aina hiyo mwimbaji akistaafu wenzake wanaendelea na kazi.

Ndiyo maana swali la "wamebaki wangapi wa zamani?" mimi siliulizi. Ninauliza nani anapiga gitaa la solo, nani yuko kwenye la rithimu, na wapulizaji wapo au hawapo. Kwenye dansi mtu hufundishwa kwa kukaa pembeni ya aliyemtangulia. Kijana aliyepiga rithimu miaka mingi akimsikiliza mzee wa solo anaijua ile nyimbo kuliko unavyoijua wewe uliyeisikia kwenye redio. Wapulizaji ndio hupunguzwa kwanza mambo yakiwa magumu, kwa sababu tarumbeta mbili na mdomo wa bata, yaani saksafoni, ni posho za watu watatu. Bendi ikiondoa wapulizaji wote na kuweka mahali pao mtu wa kinanda anayebonyeza sauti ya tarumbeta, mimi hela yangu sitoi. Bora mwimbaji mkuu awe mgeni kuliko hivyo.

Sauti ndiyo inayotangulia kuchoka, hilo lisemwe bila kuoneana haya. Na haichoki kwa wote sawasawa. Gurumo alizaliwa 1940 na alitangaza kustaafu 2013, na ile sauti yake nzito ilizeeka vizuri; wenye sauti nyembamba za juu hawana bahati hiyo. Bendi yenye akili hushusha ufunguo wa wimbo, au kijana anapewa sehemu ya juu na mzee anashika sauti ya pili. Ukisikia wimbo umeshuka usishtuke, na usije na rekodi za Radio Tanzania kichwani kama kipimo. Zile zilipigwa studio za Barabara ya Pugu, bendi nzima kwa pamoja, na waimbaji wengi wakiwa vijana. Anayetaka sauti ile azisikilize rekodi nyumbani, hazina kiingilio.

Kinachokupeleka ukumbini ni chemko, ile sehemu ya wimbo ya kucheza baada ya beti kuisha. Nusu ya kwanza ya wimbo watu wamekaa, wanaimba kwa midomo, wahudumu wanapita na kreti. Waimbaji wakimaliza beti ya mwisho wanarudi nyuma hatua mbili, na hapo ndipo penye kazi. Gitaa la rithimu linang'ang'ania kifungu kimoja hakibadiliki. Solo linaingia juu yake, linarudia, linabadilisha mwisho kidogo tu. Mpiga tumba, ambaye tangu jioni alikuwa kama anasinzia, anakaa sawa. Hapo kina mama wa makamo wanatundika mikoba kwenye viti na kuinuka bila kuambiana. Niliwahi kukaa karibu na mzee mmoja wa solo aliyekuwa amekalia spika yake, mguu mmoja umewekwa juu ya mwingine. Mtu akaja kumtunza, akamchomeka noti kwenye kola ya shati, mzee hakugeuka wala kidole hakikuteleza. Vidole vyake vilikuwa vinasogea kidogo mno hata ukajiuliza sauti ile yote inatoka wapi. Kijana angefanya mbwembwe. Yule alikuwa ameshaacha zote zisizo na faida.

Redioni wimbo una mwisho wake, watangazaji wana vipindi vyao. Ukumbini chemko haliishi mpaka kiongozi wa bendi aone watu wametosheka, na wakati mwingine wapulizaji wanaingia na kifungu ambacho hakimo kwenye rekodi yoyote. Hilo uzee haujaligusa.

Sasa ukumbi. Kama unataka kuisikiliza bendi, kwepa pambano la sikukuu. Msondo na Sikinde ni Simba na Yanga ya muziki, na wakiwekwa jukwaa moja watu huenda kushangilia, sio kusikiliza. Kila upande unapewa muda mfupi, vyombo vimefungwa kwa ajili ya uwanja mkubwa, besi inameza kila kitu. Nenda mara moja kwa ajili ya utani, maana utani wenyewe ni burudani, lakini usiihukumu bendi kwa siku hiyo. Itafute kwenye ukumbi wake wa kawaida, kama DDC Kariakoo ilivyokuwa nyumbani kwa Sikinde, wanapojua kila kona inasikikaje na mashabiki wanafahamiana kwa majina. Kaa ubavuni, upande wa tumba na besi, uone mkono wa kushoto wa mpiga gitaa. Mbele ya spika wanakaa wageni, na baada ya nyimbo tatu wanahama.

Bango likisema saa mbili, fika saa tatu u nusu. Mwanzo ni kupasha vyombo joto, kopi za nyimbo za watu na vijana kujaribiwa sauti. Wakongwe wanapanda baadaye. Bonanza la Jumapili ni tofauti, linaanza mapema na kuisha mapema, huko ukichelewa umekosa.

Ukitaka wimbo wako, usipige kelele kutoka mezani. Andika jina lake kwenye karatasi, ikunje pamoja na noti, mpelekee kiongozi. Na nenda na noti ndogondogo za kutunza. Gurumo alipostaafu baada ya miaka mingi ya muziki, habari iliyozungumzwa kuliko nyimbo zake ilikuwa kwamba mzee hana usafiri, mpaka Diamond Platnumz akampa gari. Elfu mbili yako pale kwenye kola ya shati haipiti mikono ya mtu mwingine yeyote.

Kitu kimoja ndicho ninachowaonya marafiki zangu wakiepuke kabisa: zile "usiku wa zilipendwa" za hotelini. Nilikwenda moja, kiingilio kilikuwa mara kadhaa ya kile cha uswahilini, meza zina vitambaa vyeupe, chakula kizuri tu. Wakapanda waimbaji wawili wakongwe, nikawapigia makofi kwa heshima yao, halafu muziki ukaanza na jukwaani hakuna gitaa. Wanaimba juu ya muziki uliorekodiwa kwenye flashi. Chemko lilipofika wazee wa watu wakabaki wamesimama na maiki, hawajui wafanye nini na mikono, wanasubiri kompyuta imalize. Wao siwalaumu, wamealikwa na wamelipwa. Ila kabla hujatuma hela ya tiketi, piga simu uulize: wanapiga laivu, na bendi gani iko nyuma yao? Akijibu kwa kuzungukazunguka, jibu umeshalipata.

Halafu usikimbilie chooni wakitangaza wimbo mpya. Najua hukuja kwa ajili ya huo, na meza nzima itaanza kuzungumza. Lakini wimbo wa zamani ulitungwa kwa koo la mtu wa miaka 30, na jukwaani kila usiku mzee anapambana nao. Ule mpya ameutunga kwa sauti aliyonayo leo, kwenye ufunguo anaoumudu, hana mahali pa kujificha wala pa kumwachia kijana. Mara kadhaa uimbaji bora kabisa wa usiku mzima nimeusikia kwenye wimbo ambao hakuna aliyeuomba, ukumbi nusu umekaa, na mhudumu anakusanya chupa.