Mwanangu, Kabla Hujafunga Mizigo

Mwanangu mpenzi,

Umeniuliza ubebe dawa gani kwa ajili ya likizo, na hasa umfanyie nini mtoto akianza kuharisha mkiwa ugenini. Nimefurahi umeuliza mapema, maana kuna mambo yasiyongoja siku ya safari. Kama nchi mnayokwenda inadai cheti cha homa ya manjano, chanjo ichomwe angalau siku 10 kabla ya kuingia. Kama kuna malaria, dawa ya kinga huanzwa kabla ya kuondoka na huendelea baada ya kurudi, nyingine hadi wiki 4. Nenda kliniki wiki hii.

Sasa la mjukuu wangu. Kuharisha huwapata wasafiri wengi, na kinachomwangusha mtoto ni maji na chumvi zinazomtoka mwilini. Kwa hiyo dawa ya kwanza kuingia mkobani iwe pakiti za ORS, ule unga wa chumvi na sukari wa kuchanganya na maji. Akianza tu, usingoje alegee. Koroga pakiti nzima kwenye kiasi cha maji safi kilichoandikwa juu yake, umnyweshe kidogo kidogo kwa kijiko. Akitapika, mpumzishe dakika 10, kisha uanze tena taratibu zaidi. Pakiti zikikuishia, tengeneza mwenyewe: maji safi lita 1, sukari vijiko 6 vya chai, chumvi nusu kijiko cha chai. Kijiko kisawazishe kwa mgongo wa kisu, kisiwe na kilima. Chumvi usiikadirie kwa macho kabisa, kwani ikizidi inamdhuru mtoto.

Kama bado ananyonya, aendelee kunyonya, na chakula asinyimwe. Soda usimpe, sukari yake nyingi huzidisha kuharisha. Dawa za kufunga tumbo ziache, si za watoto wadogo, hata mwenye duka akikusihi.

Mtazame sana usoni. Akilia bila machozi, macho yakibonyea, nepi ikikaa kavu saa nyingi, au akiwa mlegevu hata kunywa hataki, mpeleke hospitali saa ileile. Vivyo hivyo ukiona damu kwenye choo.

Kuhusu maji, ninyi wakubwa nanyi msijisahau. Ya kunywa na ya kupigia mswaki yawe yamechemka na kutokota dakika 1 nzima, au dakika 3 mkiwa milimani juu ya mita 2,000. Chupa ya dukani hakikisha kizibo hakijafunguliwa. Na barafu! Watu hukataa maji ya bomba, kisha wakanywa kinywaji kilichojaa barafu ya maji yaleyale.

Dawa yako ya pumu isiingie kwenye begi kubwa. Ibebe mkononi, ndani ya boksi lake, pamoja na karatasi ya daktari. Mbwa au nyani akimng'ata yeyote kati yenu, hata mkwaruzo mdogo, osheni kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha mkimbilie chanjo ya kichaa cha mbwa siku hiyohiyo.

Mkisharudi kutoka nchi yenye malaria, homa yoyote, hata ikija baada ya miezi, usiiite mafua. Nenda ukapimwe damu, na kabla hujaulizwa lolote mwambie daktari mlikuwa wapi.

Mama yako