Mwanangu akirudi kutoka bweni haongei nami. Nimwadhibu?

SWALI: Assalamu alaykum, Shekhe. Naishi Arua, naendesha lori kwenda Kampala na kurudi. Kijana wangu ana miaka 12, yuko shule ya bweni. Likizo ikifika namuuliza habari za shule, alama zake na hifdhi yake, yaani Qur'ani anayoihifadhi moyoni. Hujibu "nzuri" kisha huondoka. Ada nalipa, chakula kipo. Je, huu si utovu wa adabu?

JIBU: Wa alaykumu ssalaam warahmatullahi wabarakatuh. Usimwadhibu, ndugu yangu. Mara nyingi mtoto hunyamaza kwa sababu ameshazoea kwamba akisema, kinachofuata ni hukumu. Hebu yatazame maswali yako: yote ni hesabu anayotakiwa kuitoa.

Mtume (s.a.w.) alimuuliza mtoto, mdogo wake sahaba Anas: "Ewe Abu Umayr, amefanya nini Nughayr?" Nughayr ni kindege alichokuwa akichezea, kikafa. Asili ya hadithi hii imo katika vitabu vya hadithi vya Bukhari na Muslim. Amemwita kwa kuniya, yaani jina la heshima la "Abu" (baba wa) fulani, kama mtu mzima, na swali lake limegusa kile kilichomo moyoni mwa mtoto. Nawe anzia hapo.

Kisha soma Surat Yusuf, aya ya 4 na ya 5. Yusuf anamletea baba yake ndoto ya nyota 11, jua na mwezi. Yaaqub anaanza kwa "Ewe mwanangu", ndipo anamwonya asiwasimulie ndugu zake, na anampa sababu. Sisi wengi huanza na onyo, na mara nyingi hatufiki kwenye "mwanangu".

Ukiwa nyumbani, tenga dakika 15 kila siku baada ya Isha. Simu ibaki chumba kingine. Kuifunika mkekani hakutoshi, ikitetema tu macho yako yatakwenda huko. Au osheni lori pamoja, maana vijana wengi husema kwa wepesi mikono ikiwa na kazi. Uliza dogo: "Kitanda cha juu yako analala nani?" "Posho na maharage mnapikiwa vipi muhula huu?" Akijibu, mrudishie maneno yake: "Kwa hiyo walikuchukulia godoro." Kisha nyamaza, hesabu moyoni mpaka 10. Hapa ndipo wazazi tunapoharibu: ukimya unatuwasha, tunaujaza mawaidha.

Atakupima. Atakuletea kosa dogo, labda amepoteza sahani. Ukifoka, lile kubwa hutalisikia kamwe. Mkosoe kesho yake, mkiwa wawili tu, kwa sauti ya chini. Wala usimpelekee shangazi yake habari hiyo. Siri ya mtoto ni amana.

Ukiwa safarini na umesema utapiga simu siku fulani, piga. Mwanamke alimwita mwanawe, "Njoo nikupe", Mtume akamuuliza angempa nini. Akasema tende. Akamwambia asingempa kitu angeandikiwa uongo. Ameipokea Abu Dawud.

Lakini akikwambia anapigwa au anaguswa vibaya na mtu, hilo usimwahidi kulificha. Mwambie, "Umefanya vyema kuniambia." Usimhoji mara kumi, na wala usikimbilie shuleni kugombana. Ripoti polisi, au piga 116, laini ya bure ya watoto hapa Uganda.

Hifdhi yake msikilize asubuhi baada ya Alfajiri. Zile dakika 15 za usiku usiziguse.

Wallahu a'lam.